Mtaa wa Kupumzikia Mama

Baba alipotimiza mwaka mmoja kaburini, mama alisema anataka kupumzika. Alikuwa amekaa jikoni, nyumbani kwetu Vudee, juu milimani, akichambua maharage kwenye ungo, na alilisema jambo hilo kwa sauti ile ile anayosemea kwamba chumvi imekwisha. Mimi na dada yangu tulitazamana. Hatukuwahi kumsikia akilitumia neno hilo kwa ajili yake mwenyewe. Ng'ombe walipumzika. Shamba la juu lilipumzika likiachwa msimu mmoja. Baba alipumzika miaka minne kitandani, na mama ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimwosha na kumlisha uji kwa kijiko. Kwamba naye angeweza kupumzika, hilo halikuwa limetupitia akilini.

Dada yangu, anayeishi Moshi, alimwambia aende kwake. Mimi nikamwambia aje Dar es Salaam. Mama akakataa kote kuwili. Moshi, alisema, atapewa wajukuu mgongoni tangu siku ya kwanza, na Dar ninaishi ukuta kwa ukuta na baa. Yeye anataka kwenda Same, siku tano, akae kama wanavyokaa watu waliokwenda likizo mjini. Dada yangu akacheka. Akamkumbusha kwamba watu wa Same ndio wanaopanda milimani kupumzika, kwenye baridi na maji na kijani. Yeye aliye huku juu ashuke kwenye vumbi kutafuta nini?

"Huku juu ndiko ninakofanyia kazi," mama alijibu, akaendelea kuchambua maharage.

Baadaye, aliponisindikiza hadi barabarani, alinipa masharti yake. Yalikuwa mawili. "Nikilala nisisikie lori. Na nikiamka nifike sokoni na kanisani kwa miguu yangu, bila kupanda kitu na bila kumwomba mtu." Nikachukua likizo yangu mwezi wa nane, mahindi yakiwa yameshavunwa, nikashuka Same siku mbili kabla yake ili nimtafutie mtaa.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane na sikuwa nimewahi kuchagua mtaa. Mitaa yote niliyoishi ilinichagua yenyewe, kwa ukaribu wa kazi au kwa sababu ndipo chumba kilipopatikana. Na Same nilikuwa naijua kama tunavyoijua sisi wote tuliozaliwa milimani, yaani stendi, hospitali, soko, halafu gari la kurudi. Niliijua kwa haraka. Sasa nilitakiwa kuijua taratibu.

Usiku wa kwanza nililala nyumba ya wageni iliyo karibu na barabara kuu, kwa kuwa ndiyo niliyoiona kwanza. Asubuhi niliagiza chai, na kila lori lililopita kuelekea Arusha liliitikisa chai kikombeni ikafanya viduara vidogo vidogo. Nilivitazama viduara vile kwa muda, kisha nikalipa nikaondoka. Nje upepo wa Same ulikuwa umeshaamka. Ni upepo usiochoka, unashuka kutoka kwenye mlima ukiwa baridi na kufika mjini ukiwa na vumbi na joto, kana kwamba njiani umebadilisha nguo.

Nilimuuliza dereva wa bodaboda, mtu wa makamo kama mimi, wapi kuna utulivu. Akanipeleka upande wa mlimani, kwenye nyumba mpya. Utulivu ulikuwepo kweli. Kuta zilikuwa ndefu, mageti yamepakwa rangi nyeusi na dhahabu, na nyuma ya kila geti mbwa alibweka mara moja halafu akanyamaza, kama aliyetimiza wajibu. Nilitembea mtaa mzima nikapanda na kushuka. Sikukutana na mtu wa kumsalimia. Hapakuwa na genge wala kibanda cha kununulia hata kiberiti. Mama angekaa hapo siku ya kwanza akisema ni pazuri, na siku ya pili angeanza kuzungumza na ukuta. Dereva akaniambia nisijali kuhusu umbali, yeye atakuwa anamfuata mama kila asubuhi. Nikamshukuru, nikamwambia tatizo ni kwamba mama hataki kufuatwa.

Basi nikaanza kutembea mwenyewe, na nikaamua kutembea kama mama. Goti lake la kushoto lina maumivu, na fimbo haitaki; anasema fimbo itamzoesha uzee. Nyumbani huwa anakwenda kutoka mlangoni hadi bombani, anakaa kidogo juu ya jiwe, halafu anaendelea. Umbali huo ninaujua miguuni tangu utotoni. Nikawa nakwenda umbali wa bombani, nasimama, naangalia kama kuna mahali ambapo mwanamke mtu mzima anaweza kukaa bila kuulizwa anataka nini. Ajabu ni kwamba mji uliokuwa na kila kitu ulikuwa na viti vichache sana. Njia moja ilikuwa fupi na nzuri, lakini haikuwa na hata kivuli. Nyingine ilikuwa na kivuli, lakini muziki wa duka la simu uliifukuza kila fikra kichwani. Watu walinitazama. Mwanamume mzima anatembea kama bibi, anasimama, anakaa juu ya tofali, anaangalia saa, anasimama tena.

Mchana wa siku ya pili nilifika nyuma ya reli. Sikuwa nimepanga kufika huko; nilikuwa nafuata kivuli tu. Kulikuwa na njia ya udongo iliyopandwa miarobaini pande zote mbili, mirefu, na upepo ulipopita juu yake ulitoa sauti ya maji. Nilisimama. Kwa mtu wa mlimani sauti ya maji ni sauti ya nyumbani, na hapa hapakuwa na maji. Fundi seremala alikuwa akipiga randa chini ya mti, na mbele ya karakana yake kulikuwa na benchi. Nikamwomba nikae. Akaniambia benchi lile ni la wapitaji, alilitengeneza kwa sababu watu walikuwa wanakalia mbao zake za kazi. Nikakaa. Nilisikia randa, nikasikia kuku, nikasikia mtu akikohoa ndani ya nyumba ya tatu. Barabara kuu ilikuwa mbali, ikivuma kama nyuki walio kwenye mzinga wa jirani. Nikahesabu njia kichwani. Kutoka hapo hadi sokoni ni mara tatu ya kwenda bombani. Kanisani ni mara mbili, na ngazi za kanisa zina kivuli.

Seremala ndiye aliyenielekeza kwa bibi mmoja mwenye chumba, nyumba ya mwisho yenye uzio wa minyaa. Nilimkuta akifagia. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa lafudhi ya mbali, ya huko magharibi. Alinieleza baadaye kwamba alitoka Kigoma akiwa msichana, akimfuata mumewe aliyekuja kukata mkonge kwenye mashamba ya huku chini. Mume alifariki, mashamba yakalala, wenzao wengi wakarudi kwao. Yeye alibaki kwa sababu, alisema, alikuwa ameshapanda miti. Chumba chake cha pili huwa anawapa walimu wanaokuja kwa kazi za mitihani na wanakwaya wanaokuja kwa mikutano. Kilikuwa na vitanda viwili, dirisha linalotazama mlima, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa.

Aliniuliza kama mama yangu ni mgonjwa, anakuja hospitali. Nikamwambia hapana. Akauliza kama kuna msiba, au kesi, au harusi. Nikamwambia hapana, anakuja kupumzika.

Bibi aliegemea ufagio wake, akafikiri. "Mlete," alisema. "Nimelaza watu wa kila aina katika chumba hiki. Mtu aliyekuja kupumzika sijamlaza bado."

Mama alishuka kesho yake na gari la asubuhi. Alikuwa amevaa kitenge kipya ambacho dada yangu alimletea miaka mitatu nyuma na ambacho alikuwa akikitunza, hatukujua kwa ajili ya nini. Alileta kikapu chenye mahindi na maharage ya makande, mkungu mdogo wa ndizi, na mkeka wake. Tulitoka stendi kwa miguu kama alivyotaka. Nilimpokea kikapu nikatangulia, na baada ya hatua kadhaa nikagundua kwamba haji. Nikageuka. Alikuwa amesimama katikati ya njia, anaiangalia mikono yake.

"Sijui niiweke wapi," alisema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mama yangu ametembea maisha yake yote akiwa na kitu: kuni, ndoo, mtoto, majani ya ng'ombe, debe la mahindi. Kanisani hushika Biblia. Njia ile ya kutoka stendi ndiyo iliyokuwa ya kwanza, kadiri alivyokumbuka, kuitembea bila kubeba kitu. Aliijaribu mikono mbele, akaijaribu nyuma, mwisho akaiacha ining'inie, na nikaona inabembea taratibu kama ya mtoto aliyefundishwa gwaride. Tulipofika kwenye benchi la seremala alikaa, akafumba macho. Maua madogo ya mwarobaini yalikuwa yanadondoka begani kwake na hakuyapangusa.

Siku mbili za kwanza zimebaki kichwani mwangu kama kitu nilichokiona kupitia maji. Alfajiri ya kwanza mama aliamka kwa mazoea akashika ufagio, akafagia uwanja wote kabla mwenyeji hajatoka. Bibi alipotoka akamnyang'anya ufagio. "Mgeni siku mbili," alimwambia. "Siku ya tatu ndipo nitakupa jembe." Mama akacheka. Nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni nikimsikiliza akicheka, maana ilikuwa muda mrefu. Wakanywa chai ya tangawizi, kila mmoja akimsimulia mwenzake namna kwao wanavyopika maharage, na kila mmoja akimhurumia mwenzake kimoyomoyo.

Asubuhi tulikwenda sokoni bila cha kununua. Mama aligusa vitunguu, akauliza bei, akasifu, akaondoka. Wafugaji wa Kimaasai waliokuja na mbuzi walimsalimia, naye akawasalimia. Alikaa kwenye ngazi za kanisa akasikiliza kwaya ikijifunza wimbo mmoja, ikikosea mahali pale pale, ikirudia. Mchana jua lilipokuwa kali alilala. Sikujua kwamba mama yangu anaweza kulala mchana, kwa sababu hakuwahi. Alilala kwa saa tatu bila kugeuka, mdomo wazi kidogo, na pazia jepesi likaingia ndani na kutoka nje pamoja na upepo. Kwa miaka minne alikuwa amelala kwa sikio moja. Nilikaa kwenye kiti mlangoni, nikamlinda, ingawa hapakuwa na cha kumlinda dhidi yake isipokuwa kuku.

Jioni mlima ulibadilika rangi. Ulikuwa kijivu, ukawa buluu, ukawa kama moshi uliosimama. Mama aliutazama kama mtu anayetazama nyumba ya jirani. Akauliza Vudee iko upande gani, nikamwonyesha, akatikisa kichwa. Hakuamini kwamba anaishi kule.

Siku ya tatu mchana nilisinzia barazani. Nilipoamka kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa na mama hayupo. Bibi alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa mtaa wa pili. Nilidhani mama yuko kwenye benchi, nikaenda; seremala akasema amepita zamani, wala hakukaa. Nikaenda kanisani. Nikaenda sokoni, mama mmoja wa nyanya akasema alimwona akielekea barabara kuu, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Hapo ndipo nilipoanza kukimbia. Barabara ile ina mabasi yasiyopunguza mwendo, na mama yangu alikuwa hajavuka barabara ya lami peke yake, kadiri nilivyojua mimi. Nilikuwa nikikimbia huku nikijilaumu kwa kumtafutia mtaa wa kutembea badala ya kumtafutia nyumba yenye geti. Nilifika barabarani, nikatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na kundi la watu. Nikamshukuru Mungu kwa hilo kwanza, kisha nikavuka.

Nilimkuta mtaa wa pili baada ya stendi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kati ya mabomba na marundo ya misumari, akinywa soda kwa mrija. Mwenye duka, mwanamke wa umri wa dada yangu, alikuwa ameketi kando yake juu ya mfuko wa saruji. Mama aliponiona nahema hakushtuka. Aliniambia nikae.

Nilimuuliza alivukaje. Akasema alisubiri magari yaishe, yalichukua muda, lakini yeye hakuwa na haraka. Nilimuuliza kwa nini hakuniamsha. Akanionyesha kwa kidevu lile duka, na mlango wake wa chuma, na akaniambia jambo ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kulisikia.

Hapo ndipo palipokuwa na nyumba ya shangazi yake. Mama alikuwa na miaka kumi na saba alipokuja kukaa hapo kujifunza kushona, kwa mama mmoja wa parokiani aliyekuwa akifundisha wasichana. Alikaa miezi saba. Alikwisha kujua kukata gauni na kutia vifungo, na shangazi alikuwa ameshaahidi kumtafutia cherehani. Kisha habari ikaja kutoka mlimani kwamba mama yake anaumwa, arudi asaidie. Akarudi. Ugonjwa ulikuwa mrefu, na ulipokwisha kulikuwa na wadogo zake wa kulea, na wadogo walipokua kulikuwa na baba yetu aliyekuja kuposa.

"Niliondoka asubuhi," alisema. "Mtaa huu ulikuwa kimya, jogoo tu. Shangazi alikuwa anapepeta mchele hapo mlangoni. Nikamwambia, nitarudi Jumapili."

Mwenye duka aliinamisha kichwa. Lori lilipita, tukangoja lipite.

Nilimuuliza kama anajuta. Swali hilo lilinitoka kabla sijalipima, na nilipolisikia nikatamani kulirudisha. Mama alilifikiria kwa haki, kama anavyofikiria kila kitu.

"Hapana," alisema. "Baba yako alikuwa mtu mwema, na ninyi nisingewapata. Ila nilikuwa nimesema nitarudi. Nimekuja."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba alitaka mtaa huu. Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi. Angeniambia, alisema, mimi ningemtafutia chumba hapa hapa, kwenye kelele, kwa heshima yake, na yeye angelazimika kulala hapa kwa heshima yangu. Alitaka kuja kwa miguu, akae kidogo, aondoke. Tena kwa miguu.

Alimaliza soda yake, akamrudishia mwenye duka chupa kwa mikono miwili. Yule mwanamke alitusindikiza hadi barabarani, akasimama na kuyapungia magari mkono kama askari, yakasimama kweli, na mama akavuka katikati ya mji wa Same bila kuharakisha goti lake.

Siku tano zikawa nane. Mimi nilirudi kazini, yeye akabaki. Nilimpigia simu nikaambiwa na bibi kwamba mama yangu alidai jembe aliloahidiwa, akapewa, na sasa kuna tuta la mchicha pale pembeni ya uzio wa minyaa ambalo halikuwepo. Niliuliza kama hiyo ndiyo likizo. Bibi akasema nisimwingilie.

Aliporudi Vudee, wanawake wa kanisani walimuuliza ameona nini mjini siku zote hizo. Dada yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mama aliwaambia alikuwa anatembea. Wakangoja aendelee, naye hakuendelea. Mmoja wao, mjane pia, alimfuata baada ya ibada akamuuliza kwa sauti ya chini kama chumba kile kina vitanda vingapi.

Sasa huenda kila mwaka baada ya mavuno. Bibi naye alipanda Vudee mara moja, akaganda kwa baridi, akalalamikia miinuko, akasema nchi hii haikutengenezwa kwa ajili ya miguu ya watu. Akaondoka na mbegu za maboga na blanketi la mama. Mimi nimehama. Nilipokwenda kuangalia chumba kipya, mwenye nyumba alinionyesha maji na umeme, nami nikamwomba kwanza anipe nusu saa nikautembee mtaa, nione wapi mtu anaweza kukaa. Alidhani namtafutia kasoro.

Mwezi uliopita nilimpigia mama kumuuliza lini anataka nimfanyie mipango ya safari. Nilisikia upepo kwenye simu, na nyuma yake randa ikipita juu ya ubao. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko Same tangu juzi. Nikamuuliza kafikaje, nani kampeleka, mizigo kabeba nani. Akasema kafika kwa gari la asubuhi, kama watu wote. Kisha akaniambia hawezi kuongea sana kwa sasa, mwenzake wa kanisani ameshavaa viatu na wanataka kutoka kabla jua halijakuwa kali. Nikamsikia akimwambia, "Nakuja," na simu ikakatika.